Makundi ya Kudurusu Kemia: Jinsi Watahiniwa wa KCSE Wanavyoweza Kuinuana

Muhula wa tatu unapokaribia, watahiniwa wa Kidato cha Nne hujikuta na madaftari mengi na siku chache. Kemia ni miongoni mwa masomo yanayowatia wengi tumbojoto. Baadhi yao hujifungia peke yao na kukariri kurasa baada ya kurasa, kisha hushangaa mtihanini swali linapogeuzwa kidogo tu. Walimu wengi wa somo hili hupendekeza njia nyingine isiyo na gharama kubwa: wanafunzi wachache kukaa pamoja na kufundishana.

Makala haya yanaeleza jinsi makundi hayo yanavyofanya kazi, na wazazi wanavyoweza kuyasaidia.

Kwa nini Kemia ni muhimu

Tangu mwaka 2023, alama ya wastani ya KCSE huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Kwa sababu hiyo, wapo wanafunzi wanaodhani kwamba wanaweza kuipuuza Kemia bila hasara. Ukweli ni kwamba kozi kama udaktari, ufamasia na uhandisi wa kemikali bado huiangalia alama ya Kemia yenyewe. Mwanafunzi anaweza kupata wastani mzuri na bado akafungiwa mlango wa kozi aliyoitamani.

Kuna jambo jingine pia. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao hakuna darasa jingine la mfumo huo, kwani wadogo zao wanafuata mtaala wa umilisi na walianza Gredi ya 10 mwaka 2026. Ni vyema basi kila mtahiniwa aitumie vizuri nafasi aliyo nayo sasa.

Mtihani wenyewe ulivyo

Kemia ina karatasi tatu. Karatasi ya kwanza na ya pili ni za nadharia, kila moja ikiwa na alama 80 na kufanywa kwa muda wa saa mbili. Ya kwanza huwa na maswali mafupi mengi. Ya pili huwa na maswali machache yenye sehemu kadhaa. Karatasi ya tatu ni ya majaribio ya maabara, ina alama 40 na huchukua saa mbili na robo, zikiwemo dakika 15 za kusoma maswali. Jumla ni alama 200. Hii ina maana kwamba moja kwa tano ya alama zote hutoka maabarani, na kundi linalodurusu nadharia peke yake linaacha alama nyingi nje.

Kundi linavyopangwa

Kundi la wanafunzi wanne au watano linatosha. Wakizidi hapo, wachache huongea na wengine husinzia. Inafaa wawe wa viwango tofauti. Anayeelewa mada hunufaika kwa kuieleza, kwa sababu hakuna anayeweza kueleza vizuri jambo asilolielewa. Anayetatizika naye humuuliza mwenzake swali ambalo angeona haya kumuuliza mwalimu mbele ya darasa zima.

Kila mmoja hupewa mada moja ya kutayarisha kabla ya kikao. Siku ya kukutana, huieleza kwa dakika 15 bila kusoma daftarini. Kisha wote hujibu maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, kila mtu peke yake na kwa kupima muda, ndipo walinganishe majibu. Kujibu peke yao kwanza ni lazima. Bila hivyo, mmoja hufanya kazi na wengine hunakili.

Mfano wa kosa moja

Faida ya kulinganisha majibu huonekana katika hesabu za moli. Tuseme sentimita 25 za ujazo za sodiamu haidroksaidi yenye nguvu ya moli 0.1 kwa lita zimehitaji sentimita 20 za asidi ya salfuriki. Moli za sodiamu haidroksaidi ni 0.1 mara 25 gawanya kwa 1,000, yaani 0.0025. Mwanafunzi mwenye haraka huchukua moli hizo hizo kuwa za asidi na kupata moli 0.125 kwa lita.

Mwenzake anapata 0.0625, nusu ya jibu hilo. Badala ya kubishana, wanarudi kwenye mlinganyo wa mmenyuko na kuona kwamba moli moja ya asidi hiyo hutumia moli mbili za sodiamu haidroksaidi. Moli za asidi basi ni 0.00125, na jibu sahihi ni 0.0625. Kama asidi ingekuwa ya haidrokloriki, uwiano ungekuwa moja kwa moja na jibu la kwanza lingekuwa sahihi. Mwanafunzi aliyeligundua kosa hilo mbele ya wenzake hulikumbuka siku ya mtihani.

Maandalizi ya maabara

Si kila siku maabara huwa wazi, lakini kuna mengi ya kufanya bila kemikali. Wanafunzi wanaweza kuulizana majaribio ya kutambua ioni. Kwa mfano, ioni za zinki na za alumini zote hutoa mashapo meupe zikitiwa sodiamu haidroksaidi, na mashapo hayo huyeyuka ikizidishwa. Amonia ndiyo huzitenganisha: ikizidishwa, mashapo ya zinki huyeyuka, ya alumini hayayeyuki.

Wanaweza pia kufanya mazoezi ya kujaza jedwali la bureti: kutoa hesabu ya mwanzo kutoka ile ya mwisho, kuandika desimali zinazolingana katika safu zote, na kutafuta wastani wa matokeo yaliyokaribiana pekee, yaani yasiyotofautiana kwa zaidi ya 0.2. Makosa ya jedwali huwapotezea watahiniwa alama hata pale ambapo jaribio limefanywa vizuri.

Kemikali za shule zisichukuliwe nyumbani kamwe. Jaribio lolote lifanyike maabarani, mwalimu au fundi wa maabara akiwepo.

Tahadhari kuhusu karatasi za wizi

Msimu wa mitihani hauishi matapeli wanaodai kuuza karatasi za mtihani kupitia simu. Kundi la kudurusu lisikubali kugeuzwa kuwa soko lao. Kupata au kusambaza karatasi ya mtihani kabla ya wakati ni kosa chini ya Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya mwaka 2012, na matokeo ya mtahiniwa anayehusika yanaweza kufutwa. Mara nyingi pia karatasi hizo huwa ghushi, na mzazi hupoteza pesa bure.

Mchango wa wazazi na jamii

Katiba imeiachia serikali ya kitaifa elimu ya sekondari, huku kaunti zikisimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na maktaba. Hata hivyo, mwanafunzi ni mtoto wa jamii nzima. Wazazi wa wanafunzi wa shule za kutwa wanahimizwa kuwatengea nafasi yenye mwanga na kuwapunguzia kazi za nyumbani katika siku walizopanga kukutana. Vikao vifanyike mahali panapojulikana, kama vile shuleni, maktabani, au nyumbani kwa mmoja wao mzazi akiwepo, na viishe mapema ili wasichana na wavulana wote wafike nyumbani salama.

Mwalimu wa somo naye aelezwe kuhusu kundi hilo. Swali lililowashinda wote liandikwe na kupelekewa yeye kesho yake, lisije likaachwa likapotea. Kundi likianza mapema na kukutana mara mbili kwa wiki, litakuwa limepitia sehemu kubwa ya mada kabla ya Novemba. Kidole kimoja hakivunji chawa.