Kabla ya Kutoa Pesa, Tazama Nje ya Duka

Ukipita Kayole, Umoja ama Dandora, maduka mengi ya wakala yanafanana: ukuta wa rangi ya kampuni, kidirisha chenye vyuma, na mteja amesimama nje. Vile vyuma vinamlinda mwenye duka. Wewe je? Unahesabu pesa ukiwa umeipa barabara mgongo.

Rangi mpya inakupa imani, lakini haikulindi. Angalia haya:

Mwanga. Eastlands tunajua kazi ya taa ndefu za "mulika mwizi". Lakini mlingoti wa mbali hautoshi. Je, balbu ya dukani inawaka, na noti unaiona vizuri?

Macho ya watu. Katika shindano la Changing Faces, wakazi wa Dandora walisafisha na kupamba nyua zao. Mahali pakitunzwa, watu hukaa. Wakikaa, kuna macho. Chagua wakala aliye karibu na mama mboga, kinyozi ama stage ya boda.

Dirisha. Mabango yakiziba kila kitu, huoni ndani na wakala haoni aliye nyuma yako.

Nafasi. Kuna kibaraza ama kona ya kuweka PIN bila mtu kuchungulia?

Ukiona hapako sawa, ondoka kabla ya kuweka PIN. Mawakala ni wengi, na hakuna haja ya kuona aibu. Na kama unanunua tu, lipa kwa till, usitembee na noti.