Je, Wajua? Mji Unapowapokea Wanamichezo Wenye Ulemavu

Kuandaa mashindano ya kimataifa ya watu wenye ulemavu ni kazi ya uwanjani na ya mtaani kwa pamoja. Haya machache yanaonyesha mji mwenyeji hupimwa kwa mambo gani.

Yote yalianzia hospitalini
Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliandaa shindano la kulenga shabaha kwa upinde na mshale katika viwanja vya hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Washiriki walikuwa 16 tu, wanaume 14 na wanawake 2, wote wakitumia viti mwendo. Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, aliamini kwamba michezo ni sehemu ya tiba kwa aliyeumia uti wa mgongo. Mwaka 1952 Wadachi walipojiunga, shindano likawa la kimataifa.

Roma, askari walibeba wageni
Kutokana na shindano hilo ilizaliwa Paralimpiki, michezo ya kimataifa ya wanamichezo wenye ulemavu. Ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960, ikiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Uwanjani mambo yalikwenda vizuri. Malazini kulikuwa na shida: vyumba walivyopangiwa wageni vilikuwa juu na vilifikiwa kwa ngazi. Ilibidi askari wa Italia wawapandishe na kuwashusha wachezaji pamoja na viti vyao. Moyo wa askari hao ni wa kusifiwa, lakini mgeni anayesubiri kubebwa ili akale chakula cha asubuhi bado hajapokewa ipasavyo.

Waliopata Olimpiki na kuukwepa mzigo wa pili
Mwaka 1968 Mexico ilijitoa, na Israel ikaandaa Paralimpiki badala yake. Mwaka 1972 michezo ilihamia Heidelberg kwa sababu kijiji cha wanamichezo cha Munich kilikuwa kinageuzwa makazi ya watu binafsi. Mwaka 1980 Umoja wa Kisovieti ulikataa, na mji wa Arnhem nchini Uholanzi ukajitolea. Mwaka 1984 Los Angeles iliandaa Olimpiki peke yake. Paralimpiki ikagawanywa kati ya jimbo la New York na Stoke Mandeville. Los Angeles itaandaa Paralimpiki yake ya kwanza mwaka 2028.

Sasa hakuna kuchagua
Seoul 1988 ilirudisha desturi ya mji mmoja kuandaa Olimpiki na Paralimpiki za kiangazi. Mwaka 2001 kamati mbili za kimataifa, ya Olimpiki na ya Paralimpiki, zilitia saini makubaliano yaliyoifanya desturi hiyo kuwa sharti: anayeomba Olimpiki anaomba na Paralimpiki.

Siku 17 za kugeuza mchanga kuwa nyasi
Olimpiki ya Paris ilifungwa tarehe 11 Agosti 2024, na Paralimpiki ikafunguliwa tarehe 28. Katika muda huo, uwanja uliokuwa karibu na Mnara wa Eiffel ulibadilika kabisa. Mchanga wa mpira wa wavu wa ufukweni ukazolewa, zikatandikwa nyasi bandia, na kando ya uwanja zikasimamishwa kuta fupi kwa ajili ya soka la wasioona.

Mashabiki wanaoombwa kunyamaza
Katika soka la wasioona mpira hutoa sauti unapobingirika, na wachezaji huufuata kwa masikio. Kipa anaona, na nyuma ya goli la wapinzani husimama mwelekezaji anayeita ili mshambuliaji ajue apige upande gani. Anayekwenda kuukaba mpira lazima apaze sauti ya kusema “voy”, asije akagongana na mwenzake. Kwa hiyo kumpata mtangazaji anayeweza kuwatuliza maelfu ya watu, kisha kuwaachia washangilie goli likiingia, ni sehemu ya maandalizi.

Medali zinazosikika
Medali za Rio 2016 zilitengenezwa ili mshindi asiyeona aitambue yake kwa kuitikisa. Ndani yake mlikuwa na vipira vidogo vya chuma: 28 kwenye dhahabu, 20 kwenye fedha na 16 kwenye shaba. Dhahabu ndiyo iliyopiga kelele zaidi.

Karakana haifungwi
Tangu Seoul 1988, kampuni ya Kijerumani ya Ottobock hufungua karakana wakati wa Paralimpiki. Hapo tairi lililopasuka hubadilishwa, fremu iliyovunjika kwenye raga ya viti mwendo huchomelewa, na mguu wa bandia uliolegea hukazwa. Hakuna malipo, na fundi haulizi mchezaji ametoka nchi gani wala kifaa chake kimetengenezwa na nani. Kwa mchezaji kutoka nchi isiyo na vipuri, huduma hiyo inaweza kuamua kama atashindana au atatazama.

Dar es Salaam nayo ilikuwa mwenyeji
Mwishoni mwa 2021 Dar es Salaam iliandaa Kombe la Afrika la soka la wachezaji waliokatwa viungo, na Ghana ikatwaa ubingwa. Wachezaji wasio makipa hukimbia kwa magongo bila mguu wa bandia, na kipa ni mwenye mkono mmoja. Timu ya Tanzania, Tembo Warriors, ilipata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022 na kufika robo fainali.

Hesabu ya fundi ujenzi
Kanuni inayotumika katika nchi nyingi inasema kila sentimita moja ya kimo huhitaji angalau sentimita 12 za njia ya mteremko ya viti mwendo. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka njia ya sentimita 180. Ikiwekwa kwenye ramani tangu mwanzo, gharama yake ni ndogo. Ikisahauliwa, ukuta utabomolewa. Kenya, Tanzania na Uganda zinapojiandaa kwa AFCON 2027, hesabu hii iulizwe mapema katika kila uwanja, kila choo na kila kituo cha basi, ili shabiki mwenye kiti mwendo aingie kwa mlango uleule tunaoingilia sisi sote.