Pikipiki ya Mkopo: Uliza Jumla, Usiulize ya Siku

Hebu simama kando ya njia ya machimboni hapa Osiri alfajiri. Utaona pikipiki zikipita mfululizo. Hii imebeba wachimba dhahabu, ile imebeba gunia la mawe yanayoenda kusagwa, nyingine ina mama na beseni lake la samaki. Waulize waendeshaji kama pikipiki ni zao. Wengi watacheka kwanza, kisha watakuambia, "Bado nalipa."

Kaka yangu mkubwa alikuwa akijibu hivyo. Siku hizi hajibu hivyo tena, kwa sababu pikipiki yake ilichukuliwa. Nimeandika makala haya ili yaliyompata yasikupate wewe utakapomaliza kidato cha nne na kuanza kutafuta riziki.

Kisa chenyewe ni hiki. Bei ya pikipiki ile dukani ilikuwa shilingi 150,000. Kaka hakuwa nazo. Akaambiwa, "Leta 20,000 leo, uondoke nayo. Halafu utalipa 420 kila siku kwa miezi 18." Waah! 420 tu? Siku nzuri alikuwa akibaki na 800 baada ya petroli. Akatia sahihi papo hapo, bila kusoma ukurasa wa pili.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi kumi na mmoja. Kisha mvua kubwa ikanyesha, mashimo yakajaa maji, wachimbaji wakarudi makwao, na abiria wakapotea. Siku bila abiria haina 420, lakini deni halijui mvua. Baada ya wiki tatu za kuchelewa, vijana wawili walikuja na ufunguo wa pili. Mama alitoka jikoni akakuta pikipiki imeshapanda barabara.

Jioni hiyo kaka aliniita. "Wewe ndiye msomi hapa. Hebu piga hesabu." Nikachukua daftari. Siku 540 mara 420 ni 226,800. Ongeza zile 20,000 za kwanza, jumla ni 246,800. Yaani pikipiki ya 150,000 ilikuwa inaongezewa 96,800 juu. Kaka alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa ameshalipa 158,600, zaidi ya bei ya dukani, na hakuwa na hata kioo cha kando mkononi.

Tangu siku hiyo nimeuliza walimu, wazee wa steji na mama zetu wa vyama. Nimegundua kwamba njia za kupata chombo kwa mkopo ni nne, na kila moja ina utamu na uchungu wake.

Njia ya kwanza ni hiyo ya kaka, kununua kwa kukodi. Utamu wake ni kwamba unaondoka na chombo siku hiyo hiyo, bila mdhamini. Pengine bima pia imo ndani ya bei, kwa hivyo uliza. Uchungu wake ni kwamba mpaka shilingi ya mwisho, chombo si chako. Wewe ni mpangaji tu. Hata hivyo, Kenya ina sheria ya ununuzi wa kukodi tangu 1968. Inasema kwamba ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi kuja kunyakua tu. Sharti aende mahakamani. Theluthi mbili ya 246,800 ni kama 164,533. Kaka alikuwa amebakiza siku 15 kufika hapo! Lakini tahadhari: mikataba mingine huandikwa kama mkopo wa kawaida ambao chombo ni dhamana yake, na hiyo huenda isilindwe na kifungu hicho. Basi kabla ya sahihi uliza, "Huu ni mkataba wa aina gani?"

Njia ya pili ni benki. Hapa jina lako na la benki huandikwa pamoja kwenye logibuku mpaka umalize kulipa. Shida iko kwenye maneno mawili: riba ya moja kwa moja na riba inayopungua. Tuseme umekopa 150,000 kwa miezi 18, riba asilimia 14 kwa mwaka. Kama ni ya moja kwa moja, riba huhesabiwa juu ya 150,000 hadi mwisho, hata ukiwa umebakiza 10,000. Utalipa riba ya 31,500. Kama ni inayopungua, riba huhesabiwa juu ya deni lililobaki tu. Ukirudisha mtaji kwa mafungu sawa kila mwezi, riba ni 16,625. Asilimia ni ile ile 14, lakini moja ni karibu mara mbili ya nyingine!

Njia ya tatu ni Sacco. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake. Ukiwa na akiba ya 50,000, unaweza kuomba 150,000. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayopungua, kwa miezi 18, riba yote ni 14,250. Rahisi, sivyo? Lakini lazima uweke akiba kwanza, na utafute wadhamini. Ukishindwa kulipa, akiba zao ndizo hukatwa, na hao ni majirani mtakaokutana nao kila siku kisimani.

Njia ya nne ni chama cha mzunguko. Waendeshaji 15 wakitoa 340 kila siku, kwa siku 30 wanapata 153,000. Kila mwezi mmoja wao ananunua pikipiki taslimu. Hakuna riba hata senti. Linganisha: 340 kwa siku 450, ama 420 kwa siku 540 pamoja na dipoziti? Uchungu wake ni kungoja, na hofu kwamba aliyepata mapema ataacha kutoa. Chama bila uaminifu ni debe lililotoboka.

Kwa hivyo, rafiki yangu, usiulize "kwa siku ni ngapi?" Uliza maswali matatu: Jumla yote ni ngapi? Chombo ni cha nani kabla sijamaliza? Nikikosa wiki tatu, itakuwaje? Anayekuuzia asipokujibu wazi, rudi nyumbani ulale kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Kaka sasa yuko kwenye chama cha watu 15. Walipopiga kura alipata nambari 11. Kwa sasa anaendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea mwenyewe hesabu kila jioni. Ile karatasi niliyopiga hesabu ameibandika ukutani juu ya kitanda chake. Vijana wakija kumwambia wameonyeshwa pikipiki mpya mjini, huwaketisha mbele yake na kuwapa kalamu.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.