Pesa ya Wamama Isigeuke Mabati: Jinsi ya Kupanga Vikundi vya Kanisa

Kwa mweka hazina wa kanisa, Jumatatu asubuhi ndiyo siku ndefu. Taarifa ya Paybill iko mbele yako, na kwenye sehemu ya akaunti watu wameandika kila kitu: "wamama", "WOMEN", "usfw", "mama Lugulu", "ujenzi", "sadaka yangu". Mmoja ameandika tu "Amen". Pesa zote zimeingia, hakuna shilingi iliyopotea. Lakini ni za nani?

Swali hilo si la karatasi tu. Fikiria kikundi cha kusaidiana wakati wa matanga. Mama amechanga shilingi 200 kila mwezi kwa miaka miwili. Siku anafiwa, kikundi kinafungua daftari na kukuta miezi saba haipo, kwa sababu pesa yake ilihesabiwa kama mchango wa ujenzi na saa hii ni mabati kwenye paa. Nani ataenda kumwambia?

Lugulu, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili. Hapa ni ngome ya Kanisa la Friends, Marafiki, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Hospitali ya misheni na shule ya wasichana ya Lugulu zote zina mizizi huko. Na Marafiki walikuwa wamejipanga kwa vikundi kabla hata ya kompyuta: kuna mkutano wa kijiji, wa mwezi, wa robo mwaka na wa mwaka. Ndani ya hiyo kuna wamama wa USFW, wanaume wa Quaker Men, vijana, kwaya na kamati. Mtu mmoja anaweza kuwa katika vikundi vinne bila kujichanganya. Anayechanganyikiwa ni daftari.

Hapo ndipo programu ya kusimamia kanisa inasaidia. Kwenye daftari, mama anayeimba kwaya anaandikwa mara mbili, na akibadilisha laini ya simu unarekebisha ukurasa mmoja na kusahau ule mwingine. Kwenye programu anaandikwa mara moja, anapewa nambari yake ya mshirika, halafu anaunganishwa na kila kikundi chake. Anza na aina tatu tu: anakokaa, rika lake, na kazi anayofanya kanisani. Nimeona watu wakifungua vikundi ishirini siku ya kwanza kwa furaha, na baada ya miezi mitatu kumi na tano havina mtu wa kuvisimamia. Kikundi kisicho na kiongozi wala mchango, kiache kwanza.

Sasa tuje kwa simu. Ukitaka kutenganisha michango, hakikisha kanisa lina Paybill, si Till. Till haina sehemu ya kuandika akaunti, kwa hivyo kila kitu kinaingia kapu moja. Kwenye Paybill, kubalianeni herufi moja kwa kila kikundi, ikifuatwa na nambari ya mshirika. W ni wamama, U ni ujenzi, M ni matanga. Mshirika wa 47 akichangia matanga anaandika M47, basi. Maneno marefu yataleta makosa ya herufi, hata kwa profesa. Bandika hizo herufi ukutani karibu na mlango na mzisome Jumapili kadhaa mfululizo, maana tangazo la mara moja halishiki.

Kwa nini usitumie tu nambari ya simu ya mlipaji? Sababu mbili. Taarifa nyingi siku hizi huja na nambari ya mlipaji ikiwa imefichwa tarakimu kadhaa. Na hata ingeonekana yote, nyumba nyingi zinatumia simu moja: baba anatuma ya mama, mtoto aliye Nairobi anatuma ya nyanya. Jina kwenye meseji si la mwenye mchango. M47 inabaki M47 hata ikitumwa na jirani.

Jambo moja ambalo makanisa mengi yanaliruka: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Orodha yenu ya washirika ni hiyo hasa. Kwa hivyo kiongozi wa kwaya aone wanakwaya wake, asione nani ametoa nini. Mweka hazina aone michango, na pawe na mtu wa pili wa kulinganisha taarifa ya Paybill na programu kila wiki. Si kwamba mweka hazina haaminiki, hata yeye inamkinga siku maneno yakianza. Na tafadhali, picha ya orodha ya waliotoa isiwekwe kwenye grupu la WhatsApp. Aliyekosa 200 mwezi huu anajijua.

Walio mbali, Kitale, Eldoret au Nairobi, wafungulie kikundi chao. Hawako ibadani Jumapili, hawajasoma karatasi ya mlangoni, na mara nyingi ndio wanaoandika "Amen". Watumie meseji yenye nambari ya Paybill na akaunti yao kamili, kila mtu yake, waikopi tu.