Baridi ya Usangi: Mvike mtoto nguo za kupunguza, si koti moja zito

Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Usangi, wilayani Mwanga, huja na ukungu kutoka msitu wa Kindoroko, mlima wenye urefu wa mita 2,113. Aliyetoka Mwanga mjini na shati tu, akifika huku juu hutafuta sweta. Mtoto wa shule hukutana na baridi hiyo kwa miguu, akipanda na kushuka vilima.

Wazazi wengi humfunga koti moja zito la mitumba. Nia ni njema, lakini akipanda mlima nalo hulowa jasho. Akishaketi darasani, nguo mbichi humnyonya joto la mwili, naye hutetemeka ndani ya koti lilelile.

Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Ndiyo maana nguo tatu nyepesi huishinda moja nzito:

Ya ndani: fulana kavu. Nyingine ya akiba ikae kwenye begi la shule, pamoja na soksi.

Ya kati: sweta. La sufu ni bora, kwani hutunza joto hata likipata unyevu.

Ya juu: koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo, linaloenea juu ya sweta.

Mtoto afundishwe kuvua sweta kabla ya kupanda mlima, na kulivaa tena akifika.

Mtoto mchanga hawezi kuvua wala kusema. Avikwe nguo moja zaidi ya alizovaa mama, kisha aguswe kifuani au nyuma ya shingo. Vidole vyake huweza kuwa vya baridi ingawa hana tatizo. Akiwa na jasho, apunguziwe. Akibebwa mgongoni, kanga au blanketi visimzibe pua na mdomo.

Usiku, aongezewe nguo na blanketi, lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mtoto mwenye kikohozi akipumua haraka, yaani mara 50 au zaidi kwa dakika kwa wa miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ana nimonia. Huyo haongezewi sweta na kusubiriwa; apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.