Kwa nini mtoto hatumi tikiti?



Katika jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna mtoto mmoja aliye mbali. Mwingine alikwenda Ulaya kwa masomo, mwingine alifika Marekani kama mkimbizi ao kwa bahati ya lotri ya viza. Na kati ya hao wa Marekani, wako waliopata kazi ku uwanja wa ndege. Habari ikifika nyumbani, inakuwa imeongezeka njiani. Mtoto anafagia ndani ya ndege, sisi tunasema: "Anatumika ku ndeke."

Basi siku ya kilio ao ya ndoa maneno yanaanza. "Ule mutoto anapandaka ndeke bure. Juu ya nini hatumi tikiti ya baba yake mudogo?" Mtoto anajibu kwamba haiwezekani. Jamaa inakata shauri kwamba amebadilika, kwamba Marekani imemwondolea moyo wa kwao. Ugomvi wa namna hii unaweza kutenga ndugu miaka mingi. Na mara nyingi unatoka tu katika kukosa kufahamu namna kazi ile inavyokwenda. Mwezi huu tuangalie jambo hili polepole.

Si kila anayetumika uwanjani ni wa kompani ya ndege

Uwanja mkubwa kama wa Atlanta, Dallas ao Chicago ni kama mji. Ndani yake kuna kompani nyingi. Kuna wenye ndege wenyewe, kama Delta, American na United. Kando yao kuna kompani za kusafisha, za kupika chakula cha abiria, za kusukuma wagonjwa ku viti vya magurudumu, za ulinzi, na za maduka. Hizo zinaajiri watu wengi sana, lakini mara nyingi hazina faida ya kupanda ndege.

Hapa kwetu tunafahamu jambo hilo. Mtu anayetumika ku mgodi kwa njia ya mkandarasi anavaa kofia sawa na ya wengine, anaingia mlango uleule, lakini hospitali ya kompani si yake. Kwa hiyo, swali la kwanza si "Kwa nini hutumi?" Swali la kwanza ni: "Kompani inayokulipa ni gani?"

Jamaa inavyohesabiwa

Sasa tuseme mtoto wetu kweli ni mfanyakazi wa kompani ya ndege. Ni kweli, anaweza kupanda kwa feza kidogo sana, ao bure. Faida hiyo inafika pia kwa bibi yake, watoto wake, na katika kompani kubwa za Marekani inafika mpaka kwa baba na mama waliomzaa. Wengine wote, ni kusema kaka, dada, muyomba, shangazi, rafiki, wanaitwa wageni. Kwa wageni mfanyakazi anapewa tikiti chache zenye hesabu kwa mwaka. Wafanyakazi wa ndege wanaosema Kifaransa wanaita tikiti za bei ya chini namna hii GP, ndiyo kusema bure kwa sehemu. Mgeni analipa bei iliyopunguzwa pamoja na kodi za uwanja. Wakati mwingine, mtu akinunua tikiti ya kawaida mapema, inakuwa rahisi kuliko ile ya mgeni.

Hapa ndipo maneno yanapogongana. Kwetu ndugu ya baba ni baba. Hakuna mtu anayemwita mgeni. Lakini kitabu cha kompani hakijui baba mdogo. Tena si kompani peke yake. Sheria ya kodi ya Marekani inahesabu safari ya mfanyakazi, bibi ao bwana yake, watoto anaowalea na wazazi wake kuwa faida isiyokatwa kodi. Mtu mwingine akisafiri kwa jina lake, sehemu ya thamani ya safari ile ambayo haikulipwa inahesabiwa kama mshahara, na kodi inakatwa. Ni kusema, baba mdogo akipanda, mtoto anaweza kulipa kodi juu yake.

Wazee wa Gécamines watafahamu upesi. Mfanyakazi alipata nyumba, matibabu, shule na unga kwa bibi na watoto walioandikwa. Mpwa aliyefika kutoka kijijini alikula nyumbani, ndiyo, lakini hakuandikwa. Na mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa mpango ule ulioitwa "wa kujitolea", jamaa nyingi ziliona kwamba faida ya kazi inaishi pamoja na kazi. Ya ndege ni vilevile. Kompani ya taifa Air Zaïre ilipokufa mwaka 1995, na Sabena ya Ubelgiji mwezi wa 11 mwaka 2001, tikiti za wafanyakazi wao zilikufa nazo.

Tikiti bila kiti

Tikiti ya kawaida inasema: siku hii, saa hii, kiti hiki ni chako. Tikiti ya mgeni haisemi hivyo. Inasema tu: ukifika, na kama nafasi inabaki, utapanda. Wazee wanakumbuka kwamba watu walikuwa wakiita Air Zaïre "Air Peut-être". Basi, tikiti ya mgeni ni "labda" iliyoandikwa ku karatasi, hata kama kompani inaondoka kwa saa yake kila siku.

Namna yake ni hii. Mgeni anaandikwa katika orodha ya wanaongoja. Anafika mapema, anapita ku ukaguzi kama wengine, anakaa karibu na mlango wa ndege. Ku viwanja vingi vya Marekani kuna kioo cha televisheni kinachoonyesha orodha: herufi 3 za kwanza za jina la jamaa na herufi 1 ya jina lake. Abiria waliolipa wakiisha kuingia, mtu wa mlangoni anahesabu viti vilivyobaki na kuanza kuita.

Anaita kwa utaratibu. Wafanyakazi wanaopelekwa mahali kwa kazi ya kompani wana nafasi yao mbele. Kisha wafanyakazi wenyewe na watu wa nyumba zao. Wageni wanakuja karibu mwisho kabisa. Katika kompani zingine mwenye miaka mingi ya kazi anatangulia, zingine zinatazama nani alijiandikisha kwanza. Kwa hiyo mgeni anaweza kuwa wa 3 asubuhi, halafu saa moja mbele ya safari akajikuta wa 11, maana wenye haki zaidi yake wamefika.

Kuna na mambo mengine. Ndege ndogo inaweza kuondoka na viti vitupu na kuacha wageni chini, juu ya uzito. Ndege ya asubuhi ikifutwa kwa theluji, abiria wake wanagawanywa katika ndege zinazofuata, na viti vyote vinajaa siku nzima. Watu wanne wa nyumba moja wanaweza kukuta nafasi mbili tu. Nani atatangulia, nani atabaki na mtoto? Neno hilo likatwe nyumbani, si mlangoni wakati jina linaitwa.

Na mgeni akiachwa, hakuna wa kumlipa. Abiria aliyenunua tikiti akinyimwa kiti, sheria inamlinda mara nyingi. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inasema wazi kwamba haimhusu anayesafiri bure ao kwa bei iliyopunguzwa isiyouzwa kwa watu wote. Hoteli ni yake mwenyewe, chakula ni chake, usiku ni wake.

Kuvuka bahari

Tufike sasa ku swali la jamaa zetu: kutoka huku mpaka kule. Ndege za kompani za Marekani hazitui ku Luano. Na kwa kawaida tikiti ya mgeni inatumika ku ndege za kompani ile tu. Tuseme kompani ya mtoto inafika Bruseli. Baba mdogo atalipa tikiti kamili mpaka Bruseli, kisha aanze kungoja pale.

Fikiri basi hali yake. Tikiti hiyo ya mgeni si viza. Viza ya Marekani anaitafuta kama kila mtu, na ubalozi hautazami mtoto anatumika wapi. Tuseme ameipata. Sheria ya Ulaya inataka watu wa Congo wawe na viza hata ya kupita tu uwanjani, lakini mwenye viza ya Marekani iliyo nzima anaachiliwa. Vizuri. Lakini ruhusa hiyo ni ya kubaki ndani ya uwanja. Ndege ikijaa, hawezi kutoka kwenda kulala mjini bila viza ya Schengen. Mzigo wake, kama haukuunganishwa na safari ya pili, uko upande wa pili wa polisi, pahali asipoweza kufika. Atalala ku kiti leo, pengine kesho. Na hata mbele ya kutoka huku, kompani ya kwanza inaweza kumkatalia kupanda, kwa sababu hana kiti kinachojulikana cha kuendelea.

Kwa hiyo tuseme wazi: tikiti ya mgeni inafaa zaidi mtu aliye kule tayari, mwenye makaratasi, mwenye siku za kupoteza, anayesafiri kutoka mji mmoja mpaka mwingine. Haifai kwa kilio. Haifai kwa ndoa ya siku ya posho. Haifai kwa siku iliyopangwa na ubalozi ao na daktari. Mambo hayo yana tarehe, na "labda" haina tarehe. Haifai vilevile mwezi wa 7, siku za Noeli, na juma la nne la mwezi wa 11, wakati Wamarekani wote wanaporudi kwao kula pamoja. Kwa safari ya namna hiyo, jamaa ichange feza ao ingoje zamu yake ya likelemba, inunue tikiti yenye kiti.

Mgeni anabeba jina la mwingine

Wako watakaopata nafasi hiyo kweli, hasa ninyi vijana mlio kule. Mkumbuke neno moja: kiti unachokalia kinashikwa na mkate wa mwingine. Ukilewa, ukigombana na mtu wa mlangoni, ukipiga kelele kwamba umerukwa, kompani haikutafuti wewe. Inamwita aliyekuandika. Anaweza kunyimwa safari zake zote, yeye na watoto wake.

Tarehe 26 mwezi wa 3 mwaka 2017, huko Denver, wasichana 2 walikataliwa kupanda ndege ya United kwa sababu ya suruali za kubana walizovaa. Watu wengi Marekani walikasirika. Kompani ilieleza kwamba abiria wa kawaida hawakatazwi nguo hizo, lakini wale wasichana walisafiri kwa tikiti za wafanyakazi, na tikiti hizo zilikuwa na sheria yake ya mavazi. Kama sheria ile ilikuwa nzuri ao mbaya, watu walibishana. Lakini inaonyesha kwamba mgeni hatazamwi kama mnunuzi. Basi uliza mbele: nivae nini, nibebe mizigo mingapi, nifike saa ngapi?

Na jambo kubwa kuliko yote: tikiti hiyo haiuzwi. Wako watu wanaomwambia mtoto, "Nipe ile tikiti, nitakupa dola 300 juu." Ao jamaa inamtuma mtu wa mtaa aliyelipa, inasema ni binamu. Kuuza ni kosa linaloweza kumfukuzisha kazi. Hapo jamaa itakuwa imekula dola 300 na kupoteza mshahara uliolipa minerval ya watoto wa nyumba tatu.

Ukisafiri, fanya hivi. Chagua ndege ya kwanza ya asubuhi, maana ukiachwa kuna zingine nyuma yake. Beba mfuko mdogo wa mkono, wenye dawa na nguo ya kubadili. Uwe na feza ya kulala usiku 2, na ya kununua tikiti kamili ya kurudi. Kama huna feza hiyo, tikiti ya mgeni ni ya bei kubwa kwako. Mlangoni jitambulishe kwa heshima mara moja, kisha kaa. Usiulize kila dakika tano.

Neno kwa pande mbili

Mtoto uliye mbali, usijibu kwa neno moja, "Haiwezekani," halafu ukazima simu. Kaa na wazazi, uwaeleze kompani yako ni gani, nani ameandikwa, nani anahesabiwa kuwa mgeni, na kodi inakatwa wapi. Ukinyamaza, wengine watajaza nafasi ile kwa maneno yao.

Nanyi wazazi, mama yake akipata nafasi na baba mdogo asipate, msiseme mtoto amechagua. Hakuchagua yeye. Mkutane, msome barua yake mbele ya wote, hata mbele ya yule anayekasirika. Kisha mhesabu pamoja: tikiti yenye kiti ni feza ngapi, na kila mmoja anaweza kutoa nini?