Yuniti Zinakwenda Wapi?



Wale mliowahi kupanga chumba mtaa wa Biwi, Lilongwe, kabla ya agizo la serikali la mwaka 2023 la kuwarudisha wakimbizi kambini, mnaukumbuka ugomvi wa mita moja. Nyumba ina wapangaji watano, yuniti za ESCOM zimenunuliwa Jumatatu, Alhamisi ni giza. Wote wanamtazama mwenye redio. Hapa kambini, kwa waliovuta umeme, maneno ni yale yale, na fedha ya yuniti mara nyingi hutoka kwenye fedha ya unga.

Redio husingiziwa bure. Yuniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Redio ya wati 10 itaimba saa 100 ndipo imalize yuniti moja. Jiko la umeme la wati 1,500, likifunguliwa mpaka mwisho, humaliza yuniti moja na nusu kwa saa moja. Basi tazama kwanza kila kitu kinacholeta joto: jiko, pasi, birika, na ile waya ya kuchemshia maji ndani ya ndoo. Wati zake huandikwa nyuma au chini yake.

Maharagwe makavu yasiyolowekwa yaweza kukaa jikoni saa tatu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, funika sufuria. Yakianza kuchemka punguza moto, kwa sababu maji yanayochemka hayazidi kuwa moto hata ukifungua jiko lote. Yanakuwa mvuke tu, nawe umeulipia. Yachemke nusu saa, kisha zima, ufunge sufuria ndani ya blanketi au kikapu chenye matambara kwa saa tatu au nne. Baadaye yarudishe jikoni yachemke tena mpaka yaive. Akina mama wanaopikia makaa wafanye vivyo hivyo, maana makaa nayo hununuliwa.

Maji ya chai chemsha mara moja asubuhi, uyatie kwenye chupa ya chai. Nguo zipigwe pasi zote kwa siku moja.

Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula yuniti 9 kwa siku 30. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na hula yuniti moja na kidogo. Bei yake ni kubwa zaidi dukani, lakini hudumu.

Mnaotumia mita moja, msigawe gharama kwa vichwa. Zidisheni wati za kila chombo kwa saa zinazotumika, mgawe kwa 1,000, kila mtu alipe yuniti zake. Mwenye balbu moja asimlipie mwenye jiko.

Jambo la mwisho. Usiku mmoja zimeni kila kitu na kuchomoa vyote, kisha tazameni taa ndogo ya mita ambayo huwaka na kuzima umeme unapotumika. Ikiendelea kuwaka na kuzima, kuna kinachokula yuniti zenu. Pengine waya umepita ukutani kwenda kwa jirani. Msiukate wenyewe, kwani umeme huua. Mwiteni mwenye nyumba pamoja na fundi.